Nani anapaswa kuikumbuka likizo yako?

Ratiba ya likizo hubandikwa Januari. Iko kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa afisa utumishi: majina kushoto, miezi juu, visanduku vimepakwa rangi ya kijani. Ukirudi kuisoma mwezi Juni utakuta waliopangiwa Machi na Aprili bado wako kwenye meza zao. Mmoja ameambiwa asubiri wakaguzi wa hesabu waondoke. Mwingine hana wa kumkaimu. Wa tatu alikwenda kweli, akafika Singida, na siku ya nne akapigiwa simu arudi kwa sababu nywila ya mfumo anaijua yeye peke yake. Ukiuliza, hakuna atakayekubali kwamba mtu amenyimwa likizo. Utaambiwa imesogezwa mbele.

Ninachosema katika makala haya ni kwamba sheria ya kazi ya Tanzania Bara imempa mwajiri mamlaka ya kupanga likizo, na ndani ya mamlaka hayo umo wajibu wa kuhakikisha mfanyakazi anakwenda. Sisi tumeugeuza wajibu huo ukawa ombi la mfanyakazi. Anajaza fomu, anabisha hodi, anasubiri bosi awe na siku nzuri. Akikataliwa mara mbili, mwaka wa tatu haombi tena.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi tunaisikia kwa kusimuliwa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi likizo ya malipo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Hizo ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo, na sikukuu ikiangukia humo nayo inahesabiwa. Anayeanza likizo Desemba 8 na kumaliza Januari 4 ametumia siku zake zote 28, na ndani yake zimemezwa Siku ya Uhuru, Krismasi, siku ya kufungua zawadi na Mwaka Mpya, siku nne ambazo hata hivyo asingekwenda kazini. Kenya wanahesabu tofauti. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi. Mtu akisikia 21 na 28 haraka haraka anadhani Mtanzania amependelewa, lakini kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, siku 21 za kazi ni wiki nne na siku moja. Anayefanya kazi siku sita ndiye anayepungukiwa, kwake ni wiki tatu na nusu. Uganda mfanyakazi anajikusanyia siku saba kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka.

Kwa hiyo tatizo letu haliko kwenye idadi ya siku. Liko kwenye nani anashika kalenda. Sheria ya Tanzania Bara inasema mwajiri ndiye anayeamua lini likizo ichukuliwe, ila isivuke miezi sita baada ya mzunguko kwisha. Inaweza kufika miezi 12 iwapo mfanyakazi amekubali na shughuli za kazi zinalazimisha. Soma tena sharti hilo. Aliyewekewa ukomo wa muda ni mwajiri. Hakuna mahali sheria inaposema mfanyakazi asipoomba basi amejinyima mwenyewe. Lakini nenda kaulize katika kampuni yoyote ya kati kwa nini mtu fulani hajapumzika tangu mwaka juzi. Jibu utakalopewa ni kwamba hajawahi kuleta fomu.

Kuna sharti jingine katika kifungu hicho ambalo karibu limesahaulika: mshahara wa kipindi cha likizo unapaswa kulipwa kabla likizo haijaanza. Aliyeandika sharti hilo alijua maisha ya watu. Mfanyakazi anayeanza likizo tarehe 10 akisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi hana nauli. Ataazima, au atakaa nyumbani Mbagala akihesabu siku. Watumishi wa umma wana utaratibu wao wa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, na humo ndimo yalimozaliwa madai ya walimu ambayo tumeyasikia kwa miaka mingi. Mwalimu mwenyeji wa Kagera aliyepangiwa Mtwara, akikosa nauli, anamaliza likizo yake kwenye nyumba ya shule akiangalia uwanja ule ule.

Sasa kuna jambo la kuuza likizo. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliruhusu mfanyakazi, kwa ridhaa yake, kufanya kazi katika kipindi cha likizo na kulipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya kupumzika, kwa sharti kwamba asifanye kazi miaka miwili mfululizo bila mapumziko. Naelewa kwa nini watu wanauza. Januari ina ada, sare na kodi ya nyumba. Mshahara wa ziada ukiwekwa mezani, nani atachagua kwenda kijijini kukaa? Siwalaumu kabisa wanaouza.

Ninaowalaumu ni wale walioifanya bei hiyo ionekane nzuri. Tazama hesabu ilivyo. Mfanyakazi anapata mishahara 13 kwa kufanya kazi miezi 12, akifurahi kwamba amepata ziada. Mwajiri anapata mwezi mzima wa mtu anayeijua kazi, bila kutafuta mbadala, bila kumfundisha, bila kukabidhiana ofisi. Neno ridhaa nalo linahitaji kuangaliwa kwa makini. Mtu anayelipwa mshahara usiofika tarehe 20 akiulizwa kama anakubali kulipwa zaidi atakubali, na utakubali hata wewe. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1970 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1979, ulikwishaliona hilo. Ibara yake ya 12 inataka makubaliano yoyote ya kuachia likizo ya chini kabisa iliyowekwa na mkataba huo kwa kubadilishana na fedha yawe batili au yapigwe marufuku. Waliouandika walijua kwamba haki inayouzika, maskini ndiye atakayekuwa wa kwanza kuiuza.

Tena haki hii haikushuka kutoka ofisini kwa mtu. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma Mei na Juni, wakikalia viwanda, na ndipo serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya wiki mbili za likizo ya malipo. Mwaka huo huo, Geneva, ulipitishwa mkataba wa kwanza wa kimataifa wa likizo ya malipo, ukianzia siku sita tu za kazi kwa mwaka. Uingereza wakafuata na sheria yao mwaka 1938. Ilipofika 1948, Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu likaandika katika ibara ya 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata likizo za malipo za mara kwa mara. Marekani mpaka leo hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri wa sekta binafsi kutoa hata siku moja ya likizo ya mwaka yenye malipo, na ndiyo maana huko likizo inategemea umeajiriwa na nani. Kwetu sheria ipo. Tunashindwa kuitumia.

Na mwili hausubiri ratiba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo ya uchambuzi wao wa pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa asilimia 35 na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Mlinzi wa getini wa zamu ya saa 12, siku sita kwa wiki, ana saa 72. Huyo hajaguswa bado na suala la likizo, hizo ni wiki zake za kawaida.

Waajiri wakibanwa hujibu kwamba kazi itasimama. Nalichukua jibu hilo kwa uzito, kwa sababu kuna ofisi ndogo ambazo kweli zina mhasibu mmoja au fundi mmoja wa mitambo. Lakini angalia mabenki, watu wanaoogopa hasara kuliko mtu yeyote. Katika kazi ya benki ni utaratibu wa udhibiti wa ndani kumlazimisha mfanyakazi wa nafasi nyeti aondoke kwa siku kadhaa mfululizo, mtu mwingine akae kwenye kiti chake. Marekani, ile ile isiyo na sheria ya likizo, wasimamizi wa mabenki wamependekeza kwa miaka mingi kwamba ziwe wiki mbili mfululizo. Sababu inajulikana: wizi mwingi unahitaji mwizi awepo kila siku kuuficha, na akiondoka unajitokeza. Ofisi isiyoweza kuishi wiki nne bila mtu mmoja ina hatari kubwa kuliko likizo ya mtu huyo. Akiugua ghafla itakuwaje?

Nimetaja simu ya siku ya nne. Zamani aliyekwenda likizo alikuwa amekwenda. Siku hizi anaondoka na ofisi mfukoni, kundi la WhatsApp la idara likilia usiku na mchana, na asipojibu ananuniwa akirudi. Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Kenya, mwaka 2022, mswada wa aina hiyo ulifikishwa Seneti. Kwetu mjadala huo haujaanza hata kwenye vyama vya wafanyakazi, na ningependa kuuona ukianzia huko kuliko kusubiri bunge.

Likizo ya mwaka inaliwa pia na misiba. Sheria inatoa siku nne za malipo kwa kufiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu, babu, bibi au mjukuu. Mwenye msiba Kigoma akitokea Dar es Salaam, siku mbili kati ya hizo nne zinaishia barabarani. Hawezi kuzika, kukaa matanga na kugawana majukumu ya familia katika siku mbili zilizobaki. Basi anaomba ziongezwe kutoka kwenye zile 28. Sheria inakataza mwajiri kuitumia likizo ya mwaka kuziba nafasi ya likizo ya ugonjwa, ya uzazi au nyingine yoyote, lakini mfanyakazi mwenyewe ndiye anayelazimika kuomba. Mama aliyejifungua naye anakutana na namna yake ya jambo hili. Anarudi baada ya siku 84, akiomba likizo ya mwaka anaambiwa, "Si umetoka kupumzika juzi tu?" Yeyote aliyewahi kulala nyumba moja na mtoto mchanga anajua kwamba pale hakuna aliyepumzika. Na sheria iko upande wa mama huyo kabisa.

Kuna wanaoambiwa hawahusiki kwa sababu ni vibarua. Ni kweli kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Ndiyo maana mikataba ya miezi mitatu mitatu imejaa viwandani na mashambani, mtu anasimamishwa wiki mbili kisha anaitwa tena. Waliotunga sheria waliuona ujanja huo mapema. Wa msimu ana haki ya likizo ya malipo, na yule aliyefanya kazi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyake vinajumlishwa, na vikizidi miezi sita haki inakuwepo. Kanuni ya kukokotoa malipo ya likizo aliyojikusanyia nayo ni nyepesi: mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Kibarua mwenye daftari na kalamu anaweza kuipiga mwenyewe chini ya mwembe.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi ninapoandika haya ni dada wa kazi.

Sheria ya mwaka 2004 inawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara isipokuwa walio kwenye jeshi la ulinzi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Dada anayelala chumba cha nyuma, anayeamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto wa shule na kulala baada ya vyombo vya usiku, hayumo kwenye orodha ya waliotolewa. Ana siku 28 sawa na afisa anayemwajiri. Afisa huyo huyo anayelalamika kazini kwamba likizo yake imesogezwa mara ya tatu, nyumbani kwake kuna mtu ambaye likizo yake haijawahi kupangwa.

Kinachotokea kinajulikana. Desemba inafika, watu wa Kilimanjaro wanarudi kwao "kuhesabiwa", kama utani unavyosema, familia inapakia gari. Dada anachukuliwa pia. Huko Rombo au Machame anapikia watu 40, anabeba maji, anaosha masufuria ya ndizi na nyama, anawalea watoto wa ukoo mzima ambao mama zao wamekaa barazani. Mkirudi mjini tarehe 3 mnasema, "Tulikwenda naye likizo." Ile ilikuwa kazi, nzito kuliko ya mjini, na mara nyingi bila senti ya ziada. Nyumba nyingine dada anapewa wiki moja kwenda kwao, nauli inakatwa kwenye mshahara wa Januari, na akichelewa siku mbili kwa sababu mabasi yamejaa, akirudi anakuta ameshapatikana mwingine. Wengine wanaruhusiwa kwenda kwao pale tu mzazi anapofariki, na siku hizo za msiba zinahesabiwa kuwa ndiyo likizo ya mwaka.

Tunajitetea kwa kusema yeye ni ndugu, ni mtoto wa nyumbani, hatuhesabiani. Naamini wengi wanaosema hivyo wanampenda kweli. Ila undugu huo unaanza kutumika pale tu zinapotajwa haki zake. Shemeji akija kukaa kwako mwezi mzima na kusaidia kazi, siku akisema anataka kurudi kwao humzuii hata kidogo. Dada akisema hivyo anaonekana ana kiburi, au ana mwanaume.

Wengi hawana mkataba wa maandishi, na waajiri hudhani hilo linawalinda. Ni kinyume chake. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, na shauri likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia mwajiri. Mkikosana na dada baada ya miaka mitatu, wewe ndiye utakayeulizwa uonyeshe lini alipumzika.

Hilo linanileta kwenye udhaifu ambao ungepaswa kurekebishwa upesi kuliko yote. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi inatakiwa kufikishwa kwenye Tume ndani ya siku 60. Mfanyakazi aliyesogezewa likizo miaka mitano kwa ahadi, akaja kudai siku anayoondoka, anajibiwa kwamba madai ya miaka ya nyuma yamepitwa na muda. Aliyevumilia ndiye anayeadhibiwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Novemba 2018, katika shauri lililotoka Ujerumani, kwamba mfanyakazi hapotezi likizo yake kwa sababu tu hakuiomba. Mwajiri ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba alimpa nafasi ya kweli ya kwenda na kumweleza wazi kwamba asipokwenda ataipoteza. Japani, nchi inayojulikana kwa watu kutochukua likizo zao, ilibadili sheria kuanzia Aprili 2019: mfanyakazi mwenye haki ya siku 10 au zaidi, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha walau tano zinatumika ndani ya mwaka, na asipofanya hivyo anatozwa faini. Hawakuwaachia wafanyakazi kuona aibu ya kuomba.

Sisi hatuhitaji kungoja sheria mpya ili tuanze. Afisa kazi anapokwenda kukagua kiwanda au hoteli aombe kumbukumbu za likizo pamoja na za mishahara, na aulize maswali kwa kila aliyevuka miezi 18 tangu mzunguko wake uanze. Chama cha wafanyakazi kikikaa kujadili mkataba wa hali bora, kidai kila hati ya mshahara iwe na mstari mmoja wa ziada: siku za likizo zilizobaki na tarehe ya mwisho ya kuzitumia. Mfumo wa kompyuta unaokata kodi na michango ya mifuko ya jamii kila mwezi hauwezi kushindwa na hesabu hiyo.

Na nyumbani, ambako hakuna hati ya mshahara, daftari la shule linatosha. Ukurasa wa kwanza andika tarehe dada aliyoanza kazi. Hesabu miezi 12, weka alama, kaa naye mkubaliane ni wiki zipi nne ataondoka, aseme yeye kwanza. Mlipe mshahara wake kabla hajapanda basi, na mwandikie tarehe ya kurudi ili ajue nafasi yake ipo. Halafu tafuta wa kukaimu, au gawaneni kazi zake ninyi wenyewe kwa siku hizo 28.